Ya Bandarini Hayavuki Reli

Alfajiri ya Tanga ilisikika kabla haijaonekana. Kengele ya kwanza ilikuwa ya kijana wa mikate, aliyepita na sanduku la bati nyuma ya baiskeli wakati watu wanatoka msikitini. Ya pili ilikuwa ya muuza maziwa, madumu yake yakigongana kwenye mashimo. Halafu zikaanza kuja mbili mbili, tatu tatu, na ikifika saa kumi na mbili na nusu Ngamiani nzima inalia kengele, hujui tena ipi ya nani. Nazungumzia mwisho mwisho wa miaka ya 1980. Nyumba yetu ilikuwa katika zile barabara za Ngamiani zinazoitwa kwa namba tu, ya kwanza, ya pili, hadi ya ishirini na moja, zilizonyooka hivi kwamba ukisimama katikati unaziona ncha zote mbili. Mama akishamwagia maji mbele ya mlango, harufu ya mchanga uliolowa inachanganyika na ya vitumbua vya jirani, vile vyenye iliki nyingi, na mtu ulikuwa huwezi kuendelea kulala hata ungetaka.

Baba alikuwa na Phoenix nyeusi ya Kichina, yenye michirizi ya dhahabu iliyoanza kufifia kwenye bomba la juu. Majirani walikuwa na Raleigh za Uingereza, Avon za India, na wengine Swala zilizotengenezwa hapa hapa nchini. Mtoto wa Tanga alizijua baiskeli za mtaa wake kwa mlio. Akiwa ndani anakula uji, angeweza kukwambia aliyepita sasa hivi ni babu wa nyumba ya tatu, kwa kuwa madigadi yake ya nyuma inapiga tairi, au ni fundi cherehani, kwa kuwa pedeli yake moja inalia kila ikifika chini.

Jumamosi jioni baba aliipindua Phoenix kwenye baraza, ikakaa kwa kiti na usukani, magurudumu juu. Alitoa kopo dogo la mafuta ya cherehani, kipande cha fulana kuukuu na mswaki uliochakaa. Alianza na cheni. Kila kiungo alikipa tone lake, na kazi yangu ilikuwa kuzungusha pedeli polepole, nisiharakishe na nisisimame, ili tone liangukie pahala pake. Cheni ikiisha tunahamia kwenye gololi za gurudumu la mbele. Alilisukuma kwa kidole, akainamisha kichwa, akafumba macho, akasikiliza. Likizunguka kimya mpaka likasimama lenyewe, alitabasamu. Akisikia mkwaruzo, alifungua, akazimwaga zile gololi kwenye kifuniko cha kopo, akazifuta moja moja, na mimi nikizihesabu zisipotee mchangani. Giza liliingia tukiwa bado tuna grisi vidoleni, redio ya jirani ikisoma taarifa ya habari, na mama akituita kula kwa mara ya pili.

Wakati ule tairi lilikuwa mali. Lilipochanika hukulitupa, ulilipeleka kwa fundi aliyekaa chini ya mkungu kwenye kona yetu, akalishona kwa uzi mnene wa nailoni na ndani akaweka kipande cha tairi kuukuu kama bitana. Pancha kwake ilikuwa ibada. Aliizamisha tyubu katika karai la maji, akaisogeza taratibu mpaka vipovu vikatokea, kisha akachomeka njiti ya kiberiti kwenye tundu asije akalipoteza. Akakwangua kwa bati lililotobolewa kwa msumari, akapaka solusheni, akapuliza, akasubiri ikauke. Katika kusubiri huko ndiko mlikokuwa na mazungumzo. Habari za misiba, posa, bei ya nazi, meli iliyoingia na meli iliyochelewa, nyingi nilizisikia chini ya mkungu ule, nikinusa ile harufu kali ya solusheni ambayo hadi leo nikiinusa mahali popote najikuta nina miaka minane.

Baba alikuwa karani wa mizigo bandarini. Shule yangu ilikuwa njiani kwake, kwa hiyo tuliondoka pamoja. Nilikaa kwenye bomba la mbele, juu ya taulo iliyokunjwa mara nne, mikono yangu imeshika usukani katikati ya mikono yake. Kidevu chake kilikuwa juu ya utosi wangu. Alinukia sabuni ya mche na kahawa. Akitaka kukata kona nilihisi kifua chake kikiegemea upande huo kabla baiskeli haijageuka, nami nikajifunza kuegemea pamoja naye. Nikikumbuka usalama wa utotoni, ndio huo: uko katikati ya mikono miwili, barabara inakuja, na hakuna unachotakiwa kufanya.

Njia yenyewe haikuwa ndefu, ila ilitwaa muda kwa sababu ya salamu. "Sabalkheri, Karani!" aliitwa kutoka kwenye mabaraza. "Sabalkheri, mzee wangu. Umeamkaje?" "Alhamdulillahi. Mwanao huyo kakua." "Msalimie babu yako," baba ananinong'oneza, nami napaza sauti, "Shikamoo!" na "Marahaba" inatufikia tukiwa tumeshapita nyumba mbili. Mama muuza mihogo hakusalimiwa kwa maneno, alipigiwa kengele mara mbili naye akainua kisu chake juu. Kulikuwa na mzee kipofu aliyekaa mlangoni na tasbihi, akamtambua baba kwa mlio wa Phoenix na kumwita yeye kwanza. Nilipoanza kuwa na haraka za kitoto, nikaona wenzetu wanatupita, nililalamika. "Baba, mbona wote wanatuacha?" Akacheka kifuani, nikausikia mcheko mgongoni mwangu. "Tutawakuta getini, mwanangu. Geti ni moja."

Kisha tunafika kwenye reli. Reli ya Tanga ni ya zamani, Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893, ya kwanza katika Tanganyika, lakini sisi tuliijua kama mpaka tu. Huku ni Ngamiani, kule ni mjini. Treni ikiwa inapita, baiskeli zote zinasimama, kila mtu mguu mmoja chini na mmoja kwenye pedeli: wapasishaji wa mizigo, wauguzi wa hospitali ya Bombo waliovaa nguo nyeupe, mafundi wa viwandani na kofia zao, wanafunzi waliopakizana wawili wawili. Mabehewa yanapita yakinukia dizeli na katani. Hapo ndipo watu walipoulizana yale yasiyofaa kuulizwa mkiwa mwendoni: mtoto amepata nafuu? Ule mkopo umetoka? Treni ikimalizika, kengele zote zinalia kwa pamoja, na tunavuka.

Ng'ambo ya reli harufu ilibadilika. Maduka ya Wahindi yalikuwa yanafunguliwa, milango ya mbao inakunjwa, na baridi ya ndani inatoka na harufu ya bizari, mafuta ya taa na vitambaa vipya. Miti ilikuwa mikubwa, barabara ina kivuli, na kunguru wamejaa. Ukiendelea mbele unaanza kuisikia bahari kabla hujaiona, upepo una chumvi, na kama maji yamekupwa kuna ile harufu ya tope la mikoko inayotoka upande wa kisiwa cha Toten. Siku za likizo baba alinichukua hadi mwisho wa safari. Meli zilitia nanga katikati ya ghuba, kwa sababu gatini kina kilikuwa kidogo, na matishari yakazifuata na kurudi, yamebeba marobota ya mkonge yaliyopangwa hadi juu. Jua la asubuhi likiyapiga yale marobota yalikuwa na rangi ya nywele za mahindi. Baba alishuka, akaegemeza baiskeli ukutani, akafunga vifungo vya mikono ya shati. Ndipo kazi yake ilipoanza. Uso wake wakati huo ulikuwa wa mtu aliyekwisha kukaa na watu, akacheka, akapigwa na upepo, akapata la kufikiri.

Mama naye alikuwa na yake. Alifundisha shule ya msingi, na baiskeli yake ilikuwa ya kike, isiyo na bomba la juu, yenye wavu wa nyuzi za rangi uliofunika nusu ya gurudumu la nyuma ili buibui lisinase. Wageni kutoka miji mingine walisimama kuwatazama wanawake wa Tanga wakipita juu ya baiskeli, mabuibui yamejaa upepo, vikapu mbele, mtoto nyuma. Kwetu lilikuwa jambo la kila siku. Mama alikwenda sokoni, msibani, kwenye maulidi, kumwona shangazi aliyejifungua, saa aliyotaka yeye, bila kumngoja mtu ampeleke. Akirudi peke yake jioni aliimba kwa sauti ya chini nyimbo za taarabu za Black Star na Lucky Star, vikundi vya mji wetu, na tulijua kuwa amefika kona kwa kumsikia. Ndani ya nyumba sikumbuki akiimba hivyo. Kulikuwa na watoto, jiko, madaftari ya kusahihisha. Barabara ndiyo ilikuwa chumba chake peke yake.

Sisemi maisha yalikuwa mepesi. Masika ilipokuja, barabara za namba ziligeuka matope na watu wakabeba baiskeli mabegani, viatu mkononi. Sabuni ilipangiwa foleni, na sukari pia. Usiku mmoja bibi alishikwa na homa kali, baba akamfunga kwa kanga mgongoni mwake kama mtoto, akamkalisha kwenye keria, mjomba akikimbia pembeni kumshikilia, mpaka Bombo. Lakini hata bibi alipopona, alichosimulia zaidi ilikuwa ile safari: nyota zilivyokuwa nyingi, na watu watatu waliojitokeza njiani kusaidia kusukuma kwenye mwinuko.

Na kulikuwa na siku za furaha ya mji mzima. Mwaka 1988, Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa ligi, siku za mechi baiskeli zilizunguka ukuta wa uwanja wa Mkwakwani hadi usione ukuta. Vijana walizilinda kwa vipande vya kadibodi, kimoja kwenye usukani na kimoja mfukoni mwako. Mechi ikiisha, mto wa baiskeli ulimiminika kurudi Ngamiani, watu watatu kwenye moja, wanaimba, wanasimuliana bao moja kwa namna saba, na waliobaki nyumbani walikuwa wameshajua matokeo kwa jinsi kengele zilivyokuwa zinapigwa.

Lakini ninachokikumbuka kuliko vyote ni kurudi kwa baba siku za kawaida. Kazi iliisha alasiri, naye hakuja moja kwa moja. Alipandisha kwanza upande wa bustani, pale unapoiona ghuba yote, akamwita muuza kahawa, akapokea kikombe na kashata ya nazi, akakaa. Wakati mwingine alikaa na wenzake, wakati mwingine peke yake, akitazama matishari yakifungwa. Ndipo akapanda baiskeli tena. Kwenye reli alipiga kengele mara moja, hata kama hakuna mtu mbele yake. Niliwahi kumuuliza kwa nini. "Ya bandarini hayavuki reli," alisema. "Nayaaga pale, nayakuta kesho."

Jioni moja alichelewa sana. Mkubwa mmoja alikuwa amemkaripia mbele za watu kwa hesabu ya marobota ambayo haikuwa kosa lake. Maghrib iliingia, mama akawa anatoka mlangoni na kurudi. Baba alipofika, shati limelowa jasho, alituambia amekwenda mpaka Sahare na kurudi. "Nimeitembeza hasira," alimwambia mama, "mpaka ikachoka yenyewe." Akanawa, akala, akanisikiliza nikisoma hesabu za jedwali. Sauti yake haikuwa na chembe ya ukali. Nimeshakuwa mtu mzima na mzazi, na ninajua sasa zawadi tuliyopewa usiku ule ilitoka wapi. Ilitoka kwenye barabara.

Nilipokuwa mtu mzima nilihamia Dar es Salaam kwa ajili ya kazi. Ofisi ilikuwa Posta, na kama watu wengi nilipanga Kimara, kwa kuwa kodi kule ilikuwa nafuu. Niliamka saa kumi alfajiri. Vipanya vilifika kituoni vikiwa vimeshajaa, kwa hiyo tukajifunza kugeuza nalo: unapanda gari linalokwenda mwisho wa njia, unalipa nauli mara mbili, ili likigeuka uwe umekalia kiti. Asiyekuwa na nauli mbili alining'inia mlangoni au aliinama chini ya dari fupi, shingo imepinda, kwapa la mtu usiyemjua usoni. Konda akagonga bati, gari likasogea, likasimama. Foleni. Joto lilipanda kutoka kwenye injini chini ya kiti cha mbele, harufu ya petroli na marashi na jasho. Hakuna aliyesalimiana. Tulikuwa watu wakarimu tuliochoka.

Hata humo utu haukukosekana. Ukiwa umesimama na mzigo, mama aliyekaa alikwambia, "Nipe mkoba wako mwanangu, nikupakatie," na mkoba wako ukasafiri salama juu ya magoti ya mtu ambaye hutamwona tena. Nilipenda sana neno lile, nikipakatiwa mkoba nilihisi nimepakatwa mimi. Lakini nilifika nyumbani usiku, baada ya Isha, kazi yote bado iko kichwani na foleni imeongezwa juu yake. Hakukuwa na reli ya kuagia. Wanangu niliwakuta wamelala, na nikiwakuta macho sikuwa na subira ya kusikiliza jedwali la nane.

Miaka mingi baadaye nilisoma utafiti uliochapishwa mwaka 2004. Mtafiti Daniel Kahneman na wenzake waliwaomba wanawake wafanyakazi 909 wa Texas, Marekani, waikumbuke jana yao kipande kwa kipande na kueleza walivyojisikia katika kila kipande. Safari ya kwenda kazini na kurudi ilikuwa mwisho kabisa, chini ya kazi yenyewe, chini ya kufua na kupiga deki. Halafu mwaka 2008 wachumi wawili, Alois Stutzer na Bruno Frey, walionyesha kwa takwimu za Ujerumani kuwa watu wenye safari ndefu za kila siku huridhika na maisha yao kidogo kuliko wengine, na kwamba mshahara au nyumba iliyowapeleka mbali haiwafidii. Nilipofika mwisho niliiona sura ya baba akimaliza kahawa yake bustanini.

Mei 2016, mabasi ya mwendokasi yalipoanza kutoka Kimara hadi Kivukoni katika njia yake yenyewe, nilikuwa nimeshahama. Jirani yangu wa zamani alinipigia simu wiki ile. Hakuniambia habari za mabasi. Aliniambia amekula chakula cha usiku mezani na watoto wake, na mdogo amemweleza hadithi ndefu ya paka wa shule.

Tanga nakwenda kila nikipata nafasi. Bodaboda na bajaji zimejaa, injini zimefunika sauti nyingi, lakini baiskeli bado zipo, na asubuhi bado utawaona akina mama na vikapu vyao. Bandari imechimbwa kina, meli sasa zinafunga gatini, na bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, jirani tu na mji. Watu wanaongezeka, na nyumba zinasogea mbali na kazi. Baba ni mzee, hawezi tena kupanda Phoenix, lakini anatembea kwa fimbo hadi kwenye baraza la kahawa na kurudi, kila siku, kwa njia ndefu. Nikifika haniulizi kazi wala mshahara. Anauliza, "Njia yako ya kila siku siku hizi ikoje?" Nikimjibu vizuri, uso wake unatulia. Haulizi zaidi.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaochora barabara mpya za Tanga na za miji yetu mingine: wawekeeni waendao kwa miguu na kwa baiskeli njia yao, yenye kivuli, isiyokatwa na gari. Msing'oe miti kabla hamjamfikiria mtu atakayepita pale saa nane mchana. Na wewe msomaji, unapotafuta nyumba usiishie kuuliza vyumba na kodi. Ipite ile njia saa utakayoipita kila siku, asubuhi na jioni, ujione utakavyofika mlangoni na kwa uso gani. Kama unaweza kupata chumba kidogo zaidi lakini karibu, chukua kile cha karibu. Na kama huna budi kukaa mbali, tafuta mahali katikati ya kazi na nyumbani pa kushuka na kukaa kidogo, hata kwa kikombe kimoja cha kahawa. Wanaokusubiri nyumbani wana haki ya kukupata ukiwa mzima.